Pedali za Piano Kongwe na Unyevu wa Pwani

Piano nyingi za kusimama zilizosalia Mombasa, ziwe katika kumbi za makanisa au katika sebule za nyumba za Tudor na Ganjoni, huhukumiwa bila kusikilizwa. Mwenye piano husikia sauti zikichanganyikana, au vibonyezo vikicheza chini ya vidole, au mlio wa kukwaruza kila anapokanyaga, naye huamua kwamba nyuzi zimechoka na chombo kimefika mwisho wake. Mimi ni seremala, na piano ni sehemu ndogo tu ya kazi yangu, lakini kuitwa kwenye nyumba hizo kumenizoesha kuanzia chini kabla ya kutazama juu. Nyuma ya ubao unaofikia magoti ya mpigaji kuna mtambo wa pedali: vipande vichache vya mbao, chuma, ngozi na felti, yaani kitambaa kinene cha sufu iliyoshindiliwa, visivyohitaji sikio la fundi wa kurekebisha sauti. Vinahitaji tochi, subira, na mtu anayejua kutazama kabla hajaishika chupa ya mafuta.

Kuufikia mtambo huo si kazi. Chini ya meza ya vibonyezo, kwa katikati, pana springi bapa ya chuma, na katika baadhi ya piano ziko mbili, inayoubana ubao wa mbele mahali pake. Ukiisukuma juu kwa kidole gumba, ubao huinamia upande wako na unaweza kuunyanyua kutoka kwenye vishikizo vyake vya chini. Uegemeze mbali na njia ya watoto, kisha usiguse kitu chochote kwa muda. Utakachokiona kwanza ni vumbi, na vumbi la hapa kwetu huwa limeshikana na unyevu wa chumvi hata likafanya ukoko juu ya kila kipande kilicholala. Utaona mayai ya mijusi na mabawa ya mende. Piano ikiwa imekaa muda mrefu bila kupigwa, huenda ukakuta kiota cha panya, kilichojengwa kwa felti aliyoitafuna mumo humo. Jifunge kitambaa puani, toa vyote kwa brashi laini ya rangi, na ukague kwa makini chuma chochote kilichokuwa chini ya kiota, kwa sababu mkojo wa panya hula chuma upesi kuliko hata hewa ya bahari.

Mtambo wenyewe hueleweka kwa kuufuata kwa kidole. Katika piano nyingi za zamani, pedali inaposhuka huvuta boliti ndefu yenye nati ya masikio, na boliti hiyo huvuta ncha moja ya wenzo wa mbao uliolala juu ya ubao wa sakafu ya piano. Wenzo una egemeo lake, kwa kawaida pini ya chuma iliyopita ndani ya tundu lenye felti, kwa hiyo ncha moja ikishuka nyingine hupanda. Ncha inayopanda husukuma ufito wa mbao uliosimama wima, aghalabu upande wa kushoto, na ufito huo hufika hadi kwenye mitambo ya juu. Ufito wa pedali ya kulia huzungusha chuma kirefu kinachoviondoa vizimio vyote kwenye nyuzi kwa pamoja. Vizimio ni vile vitalu vidogo vilivyovikwa felti, ambavyo hunyamazisha uzi mara kibonyezo kinapoachwa. Ufito wa pedali ya kushoto huisogeza mbele reli ambayo nyundo huiegemea, ili nyundo ziwe karibu zaidi na nyuzi na zipige kwa mwendo mfupi. Pedali ya katikati, pale inapokuwapo, hutofautiana kutoka piano moja hadi nyingine: mara nyingi hushusha pazia jembamba la felti kati ya nyundo na nyuzi ili mtu afanye mazoezi bila kuwaamsha majirani, na katika nyingine huinua vizimio vya sauti nzito peke yake. Fikra ya kuyafanya haya kwa mguu ni ya zamani. John Broadwood wa London alipata hataza ya pedali mwaka 1783, na kabla ya hapo kulikuwa na piano ambazo vizimio vyake viliinuliwa kwa mkono au kwa goti.

Nyenzo hizi zikiwa zimefuatwa hivyo, malalamiko mengi hujieleza yenyewe. Tuchukue lile linaloniletea simu nyingi kuliko yote, yaani mlio. Pedali inayolia katikati ya sala ni aibu kwa kanisa zima, na kila mtu hutaka inyamazishwe kabla ya Jumapili ijayo, ndiyo maana hupakwa mafuta bila kuulizwa inalia wapi. Kuna njia rahisi ya kuiuliza. Uondoe ufito kwa kuuinua kidogo na kuuchomoa chini, kisha ukanyage pedali ikiwa haina mzigo. Mlio ukiendelea, uko chini, kwenye pedali, kwenye springi au kwenye egemeo la wenzo. Ukitoweka, uko kwenye ufito au juu yake, na kupaka chochote huku chini ni kupoteza wakati. Ukishajua upande, mwombe mtu akukanyagie polepole nawe uweke ncha ya kidole kwenye kila mahali ambapo kipande kimoja kinasuguana na kingine. Mlio huonekana kwa kidole kabla ya kusikika kwa sikio: utahisi mtetemo mdogo chini ya ngozi, na hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Mara nyingi mkosaji ni springi. Springi ya pedali ni bapa au ya waya uliokunjwa, na ncha yake hutambaa juu ya mbao ya wenzo kila unapokanyaga. Zamani waliweka kipande cha ngozi au felti pale ncha inapopita, na kipande hicho kikishaliwa na nondo au kukauka, chuma chenye kutu huanza kuikwaruza mbao yenyewe. Ondoa springi kwa uangalifu, kwa maana ile ya bapa ina nguvu ya kutosha kukupasua kidole, isugue kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka kutu itoke, ipanguse kwa kitambaa kikavu, kisha upake ncha yake risasi ya penseli laini. Penseli za wachoraji, zile zenye alama ya 6B, zinafaa sana. Bandika ngozi mpya mahali pa ile ya zamani. Fundi viatu yeyote wa Mwembe Tayari atakukatia kipande cha ngozi laini ya kondoo kwa bei ya chai, mradi umwonyeshe unene unaoutaka. Springi iliyovunjika ni habari nyingine. Nimeona watu wakiweka springi nene zaidi kwa nia njema, na matokeo yake ni pedali inayouchosha mguu na skrubu zinazong'oka kwenye mbao. Mpe fundi chuma vipande vyote viwili na umwambie unene ubaki uleule.

Sasa mafuta. Hapa sina upole. Mafuta ya cherehani, mafuta ya kupulizia bawaba na, kwa kuwa tuko Pwani, mafuta ya nazi, yote nimeyakuta ndani ya piano, na yote hufanya kazi vizuri kwa muda mfupi sana. Felti huyanywa, huvimba, na huibana pini iliyotakiwa kuzunguka kwa uhuru; vumbi hushikamana nayo, na baada ya hapo pedali huwa nzito kuliko ilivyokuwa ikilia. Mafuta ya nazi yana kisa chake cha ziada. Huganda yanapofika karibu nyuzi joto 24, na kila anayeishi hapa amewahi kuamka asubuhi ya mwezi wa Julai akakuta chupa yake imekuwa nyeupe. Pedali iliyopakwa mafuta hayo hukataa kurudi juu asubuhi za Kusi, kisha hupata nafuu jua likipanda, na mwenye piano hubaki akishangaa maradhi yanayofuata saa. Kwa felti inayosuguana na chuma, poda kavu ya kawaida inatosha. Kwa mbao na mbao, nta kidogo ya mshumaa. Grisi ina mahali pake, lakini mahali hapo ni chuma kwa chuma tu, kwa kiasi kisichozidi kile kinachoshika kwenye ncha ya kijiti cha meno.

Pedali ikigonga badala ya kulia, tafuta felti iliyopotea. Kila mahali wenzo unapotua baada ya mguu kuachia palikuwa na mto mdogo, na ufito una pini fupi juu inayoingia kwenye tundu lililowekewa felti au ngozi. Vikiisha hivi, mbao hugonga mbao na pini hugonga chuma. Felti ya kuweka upya iwe ya sufu, nzito, ya unene ule wa kwanza, ambao utaupata kwa kupima pembe ya felti ya zamani isiyokanyagwa na kitu. Kuna mahali nilikuta vipande vya ndara vimebandikwa kila palipohitaji mto. Aliyefanya vile alikuwa mbunifu, na kwa wiki chache bila shaka aliheshimiwa, lakini mpira wa ndara hulainika kwenye joto letu, hunata kwenye mbao, na kila wenzo ukinyanyuka hutoa sauti ya busu. Ilinibidi niukwangue kwa patasi. Kwa kubandika felti hizi za chini natumia gundi nyeupe ya mbao, tabaka jembamba lisilopenya hadi upande wa pili. Huko juu kwenye nyundo na vizimio sitii gundi hiyo, kwa sababu fundi atakayekuja baada yangu atataka kuvibandua bila kuvivunja.

Lakini tatizo linalowadanganya watu kuliko yote halina mlio wowote, nalo ni ule mwendo mtupu wa pedali. Pedali ya kulia ikiwa sawa, unaposhusha ncha yake kwa mkono, milimita 3 hadi 6 za mwanzo hazifanyi kitu. Baada ya hapo ndipo vizimio huanza kuondoka kwenye nyuzi, vyote kwa wakati mmoja. Mwendo huo mtupu huonekana kama ulegevu, na mtu mwenye bisibisi mkononi hutamani kuukaza. Akiukaza wote, vizimio havipati tena nafasi ya kulala vizuri juu ya nyuzi hata mguu ukiwa mbali, na kila sauti iliyopigwa huendelea kulia ndani ya ile inayofuata.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tudor aliniita kwa jambo hilohilo, wakati masika ilikuwa bado haijakatika. Piano yake ilikuwa ya Kiingereza, ya mbao nyeusi iliyong'aa kwa kupanguswa miaka mingi, na alipopiga mstari mmoja wa wimbo wa kanisa, sauti zote zilipandana.

"Mwanangu, hii imekwisha," aliniambia. "Yule fundi alonijia mwaka jana alisema nyuzi zote ni za kutoa."

"Mwalimu, nyuzi tutaziuliza baadaye," nikamjibu. "Hebu niwie radhi, nifungue hapa chini kwanza."

Nati ya masikio ilikuwa imekazwa mpaka mwisho wa boliti. Bila shaka ilikazwa wakati wa Kaskazi, hewa ikiwa kavu kidogo na felti zikiwa zimepungua, na wakati huo pedali ilifanya kazi. Mvua zilipokuja felti zikavimba, na ule upungufu wa unene usiozidi karatasi chache ukageuka kuwa mkono unaoviinua vizimio usiku na mchana. Nililegeza nati kidogo kidogo, Mwalimu akipiga sauti moja na kuiachia kila mara, mpaka sauti ikakatika palepale alipoinua kidole. Kisha nikalegeza tena hadi mwendo mtupu ukafika kama milimita 4, nikasimamisha hapo. Mwalimu alipiga mstari uleule, akanitazama kwa juu ya miwani, akasema, "Na pesa za nyuzi nilishaanza kuziweka." Sikuona sababu ya kumzuia asiendelee kuziweka, kwa sababu piano hiyo ilihitaji fundi wa sauti kwa mambo mengine, lakini nyuzi zake zilikuwa nzima.

Pedali ya kushoto ina udanganyifu unaofanana na huo, na huu ndio unaowapeleka watu kwenye vibonyezo bure. Nyundo ikipumzika huwa iko mbali na uzi kwa takriban milimita 45, na pedali ya kushoto hupunguza umbali huo kwa karibu nusu. Nyundo zikisogezwa mbele, kibonyezo huwa na sehemu fupi ya mwendo isiyofanya kitu, na kwa piano za kusimama hilo ni jambo la kawaida mguu ukiwa umekanyaga. Likitokea mguu ukiwa sakafuni, yaani vibonyezo vyote vikawa vinacheza kidogo kabla ya kushika, basi tazama kama ufito wa pedali ya kushoto umekazwa hata reli ya nyundo haifiki nyumbani kwake. Kurekebisha hilo ni kulegeza nati moja. Kulitafuta kwenye vibonyezo vyote 85 au 88 ni kazi ya siku nyingi isiyo na faida.

Kuna hali nyingine ambapo kulegeza na kukaza hakutasaidia hata kidogo, na hiyo ni pale ambapo pedali inakanyagwa hadi chini na vizimio havijanyanyuka vya kutosha. Lala kifudifudi, weka tochi sakafuni na umwombe mwenzio akanyage. Ukiona ubao wa sakafu ya piano nao unashuka pamoja na pedali, umepata jibu: ubao umeachana na mwili wa piano, na nguvu ya mguu inaishia kuupinda. Hapa Mombasa nalaumu deki. Nyumba zetu zina sakafu za saruji zinazomwagiwa maji na kupigwa deki kila asubuhi, na ukingo wa chini wa piano hunywa sehemu yake kwa miaka mingi, mpaka gundi inaachia na matundu ya skrubu yanapanuka. Ubao huo huvutwa kwa skrubu ndefu zaidi, baada ya matundu ya zamani kujazwa vijiti vya mwanzi vilivyochovywa gundi. Njiti za kiberiti ni laini mno kwa kazi hii, ingawa ndizo zinazopatikana kila jikoni. Pale ubao ulipooza, hapana budi kuongeza mwamba wa mbao ngumu chini yake kutoka ukuta hadi ukuta. Msiilaze piano chali ili kufikia huko chini bila watu wa kutosha na mbao za kuizuia; chombo hiki huzidi kilo 200 kwa urahisi, na uzito wake mwingi uko nyuma. Kazi ikiisha, inyanyueni juu ya vikombe vya magurudumu, vile vinavyowekwa chini ya magurudumu yake, na anayepiga deki aambiwe akaushe kwa kitambaa katika mita ile ya mwisho.

Unyevu wenyewe hauna dawa kamili kwetu. Watengenezaji wengi wa piano hupendekeza unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 40 na 60, nasi kwa sehemu kubwa ya mwaka tunazidi 70. Viwanda vya Ujerumani na Uingereza vililijua hilo zamani, ndiyo maana viliuza piano zilizotengenezwa makusudi kwa nchi za joto, maungio yake yakiwa yameshikwa kwa skrubu za shaba na felti zake zikifungwa kwa zaidi ya gundi, kwa kuwa gundi ya ngozi ya wanyama hulainika penye joto lenye unyevu. Ukifungua chini ukakuta vichwa vya shaba pale ambapo piano ya kawaida ina gundi tupu, ujue chombo hicho kilijengwa kwa safari ya huku, na ukifanyie kazi kwa heshima: usiibadilishe shaba kwa skrubu za chuma, kwa sababu chuma kitaota kutu ndani ya tundu na kuligawa.

Jambo moja la unyevu hufaa kujulikana na kila anayeshika nati ya pedali. Mbao hutanuka kwa upana wake na karibu haitanuki kabisa kwa urefu, kwa hiyo ufito uliosimama haubadiliki wa kutajika. Kinachobadilika ni felti zilizoko kwenye maegemeo, na ubao wa sakafu unaopinda. Ndiyo sababu pedali iliyorekebishwa vizuri mwezi wa Februari huweza kuwa imekaza mwezi wa Mei bila mtu kuigusa. Mimi huwaomba wenye piano waipime kwa mkono masika inapokatika, na tena Kaskazi inapokuwa imetulia, wakijua kwamba nusu mzunguko wa nati hutosha karibu kila mara. Kabla sijafunga, huchora mstari mfupi wa penseli kwenye boliti mahali nati iliposimama, na huandika tarehe ndani ya ubao wa mbele, jinsi mafundi wa zamani walivyozoea. Katika piano kadhaa za hapa nimezikuta tarehe zao, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Baada ya hapo narudisha ubao, nasikiliza springi inase, na simwachi mwenye piano aniage kabla mpigaji mwenyewe hajakaa na kukanyaga anavyokanyaga siku zote. Mguu wa fundi hukanyaga kwa adabu. Mguu wa mpigaji wa kwaya, wimbo wa kutoa sadaka ukiwa umepamba moto, haujui adabu, na kama kuna nati itakayolegea, afadhali ilegee nikiwa bado nina bisibisi mkononi.